Anga la nchi linakoma wapi: kilomita 80 au 100?

Waungwana, hoja hii inaonekana ya kitaaluma tu, lakini ina mkia mrefu wa kisheria. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaohusu usafiri wa ndege, unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake, na Mkataba wa Anga-nje wa 1967 unasema kwamba huko juu hakumilikiwi na taifa lolote, ila hakuna hata mmoja unaotaja kimo cha mpaka. Chombo kikipita kilomita 90 juu ya nchi ya watu, je, kinapaswa kubisha hodi?

Shirikisho la michezo ya anga, FAI, linashika kilomita 100, yaani mstari wa Kármán, ilhali Marekani huwatambua wanaanga kuanzia maili 50, sawa na kilomita 80 hivi. Julai 2021 tajiri Richard Branson alifika kilomita 86 na tajiri mwenzake Jeff Bezos 107, watu wakabishana ni nani hasa aliyefika anga-nje.

Mimi nashika 80. Tabakakati, yaani tabaka la kati la angahewa, hukoma kwenye kilomita 85 hivi, mahali penye baridi kuliko pote katika angahewa, na setilaiti zenye njia iliyorefuka kama yai zimewahi kushuka hadi kati ya 80 na 90 zikapanda tena. Mia inapendwa kwa kuwa inakumbukika.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa hoja, baridi hiyo ni shahidi kigeugeu, kwani kilele cha tabakakati huwa karibu na 86 majira ya joto na hupanda hadi karibu 100 majira ya baridi. Isitoshe, naitrojeni na oksijeni huendelea kuchanganyika kwa uwiano uleule mpaka kwenye kilomita 100 hivi, yaani hewa ni ileile ya huku chini, ndipo gesi zinapoanza kujitenga kwa uzito. Na huko juu nako hewa haijaisha: Februari 2022 dhoruba ya jua ilivimbisha tabakajoto, tabaka lililo juu ya tabakakati, na setilaiti 38 kati ya 49 za mtandao wa intaneti wa Starlink, zilizoachiliwa kwenye kilomita 210 hivi, zikarudi kuteketea.

Mtoa hoja: Kuhusu baridi nimekubali, naiondoa. Hata hivyo uwiano wa gesi haumsaidii hakimu, ambaye atauliza chombo kinashikiliwa na nini, mabawa yanayoegemea hewa au kasi ya mwendo wake. Na kwenye kilomita 90 sijaona bawa linalobeba chochote.