Naomba ushauri: magamba ya kasa aina ya ng'amba kwenye makumbusho yetu madogo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Sisi ni kikundi cha vijana kisiwani huku Lamu. Tumepewa chumba, tunataka kukifanya makumbusho madogo ya kasa: wazee walivyowavua na wanavyolindwa leo.

Habari za uvuvi tunazo nyingi. Wavuvi wa Kibajuni walimfunga samaki aitwaye chazo kamba mkiani, wakamwachia baharini. Akishajibandika kwenye gamba la kasa, wanavuta kamba taratibu. Ufundi ulioje! Naumia kila mzee akiondoka nao.

Shida ni magamba ya ng'amba. Familia kadhaa zimeyahifadhi tangu enzi za mababu na ziko tayari kutupatia. Lakini sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kumiliki nyara (sehemu za miili ya wanyamapori) bila kibali, na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, imemweka ng'amba kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi. Tuanzie Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), au tupitie Makumbusho ya Taifa? Mwenye gamba atajitokezaje bila kukamatwa? Au tuchonge mifano ya mbao tu?

Jingine: wazee wanaogopa kurekodiwa wakisimulia walivyowinda. Aliyewahi kufanya kazi kama hii, aliwatoaje hofu?