Kikundi cha Ukoo, Kelowna

*Jumanne*

Mama Zuhura, 18:04
Asalaam aleykum jamaa zangu. Jumatatu ijayo ni Siku ya British Columbia, sikukuu ya jimbo letu hapa Kanada. Tunakutana City Park saa tano asubuhi, upande wa darajani, si kule kwenye bembea. Kila nyumba dola 20 na chakula cha aina moja. Watoto watatusomea mada yao, na mwaka huu mada ni ukoo wa Bennett.

Mama Zuhura, 18:05
Watoto wanavuka lile daraja kila siku wala hawajui William R. Bennett ni nani. Mwanangu Zuhura alidhani ni fundi aliyelijenga.

Mama Zuhura, 18:05
Nani ana gari la watu saba?

Mama Zuhura, 18:52
Naona mmesoma watu tisa.

Shem Kassim, 19:20
Gari lipo. Petroli ndiyo ina maneno.

Mama Zuhura, 19:21
Ahsante shem, nakuandika.

Shem Kassim, 19:21
Ngoja kwanza, sijasema ndiyo.

Mama Zuhura, 19:30
Nimegawa hivi. Zuhura anaanza na baba, W.A.C. Bennett. Kazaliwa New Brunswick mwaka 1900, kaja hapa Kelowna 1930, kanunua duka la vifaa vya ujenzi. Kaingia bunge la jimbo 1941. Mwaka 1951 kaachana na chama chake cha Conservative, na 1952 chama alichohamia, Social Credit, kikapata viti 19, wapinzani wao CCF viti 18. Kiti kimoja tu! Yeye akawa waziri mkuu wa jimbo na akakaa miaka 20. Hakuna aliyekaa zaidi yake mpaka leo. Vivuko vya BC Ferries, umeme wa BC Hydro, hayo ni ya enzi zake.

Mama Zuhura, 19:31
Salma anamchukua mwanawe, Bill, yaani huyo William R. mwenye jina la daraja. Baba alishindwa na chama cha NDP 1972, mwana akarithi kiti cha jimbo la uchaguzi 1973, akawa waziri mkuu 1975 mpaka 1986. Mtu na mwanawe, wote kutoka duka moja. Nataka watoto wetu wasikie hilo. Mji huu si wa kupita tu, una habari zake.

Baba Salma, 20:15
Salma anachuma cheri mpaka saa sita.

Mama Zuhura, 20:15
Siku ya sikukuu?

Baba Salma, 20:17
Cheri haijui sikukuu.

Mjomba Idi, 20:40
Mama Zuhura, mimi nakuheshimu, lakini sitakaa kwenye mkeka nisikilize Bill akisifiwa. Mwaka 1983 nilikuwa Vancouver, kijana. Julai ile serikali yake ilileta miswada 26 kwa mpigo. Haki za wapangaji, vyama vya wafanyakazi, tume ya haki za binadamu, vyote vikaguswa. Tuliandamana maelfu kwa maelfu, mimi na viatu vya kuazima. Halafu Novemba mapatano na viongozi wa wafanyakazi yakafungwa nyumbani kwake, hapa hapa Kelowna. Sisi tuliokuwa barabarani tukaambiwa rudini kazini.

Shangazi Rehema, 20:44
Idi, na Expo 86, yale maonyesho ya dunia ya Vancouver enzi za Bill, ulikwenda mara ngapi? Picha zako zote za ujana umesimama pale na kofia.

Mjomba Idi, 20:45
Mara tatu.

Shangazi Rehema, 20:45
Na ile treni ya enzi zake, SkyTrain, unayoisifia kila ukitoka Vancouver?

Mjomba Idi, 20:49
Sikatai alichojenga. Nasema mtoto akisoma Expo, asome na 1983.

Mama Zuhura, 20:50
Watasoma vyote. Nani analeta mkeka mkubwa?

Shem Kassim, 21:02
Mimi nataka kuigiza yule mzee na mshale!

Zuhura, 21:03
Mshale gani??

Mama Zuhura, 21:06
Agosti 1959, hapa ziwani. W.A.C. alisema jimbo halina deni tena. Hati za deni zikarundikwa kwenye chelezo, akapiga mshale wa moto zichomwe, watu wamejaa wanatazama. Wapinzani wake wakasema deni halikufa, limehamishiwa tu kwenye mashirika ya umma.

Shem Kassim, 21:07
Basi tuchome na madeni ya kikundi hiki siku hiyo hiyo 😂

Shangazi Rehema, 21:09
Deni la sufuria halichomeki.

Shem Kassim, 21:09
Eh.

Shangazi Rehema, 21:12
Sufuria la marehemu mama. Lilitoka kwangu kwa ile safari ya Kamloops na halijarudi. Nimenyamaza miaka mitatu. Anayejua anajua.

Mama Neema *amefuta ujumbe huu*

Mama Zuhura, 21:20
Dada Rehema, hilo nitakupigia. Na shem, moto usitaniwe. Baada ya Agosti 2023 mtu wa hapa hatanii moto. Tulivuka daraja lile usiku, Babu yuko kiti cha nyuma na dawa zake kwenye mfuko wa dukani, mlima wa West Kelowna wote mwekundu.

Shem Kassim, 21:22
Kweli. Samahani.

Salma, 22:10
Shikamooni. Shangazi, nimesoma karatasi ulizotupa. Bwawa la W.A.C. Bennett kwenye mto Peace umeandika kimo chake tu. Nimetafuta zaidi. Maji yalipojaa mwaka 1968 na kuendelea, watu wa Tsay Keh Dene, wenyeji wa asili wa kule, walipoteza ardhi yao. Nyumba, njia za kuwindia, hata makaburi. Nataka kusema hilo badala ya Bill.

Mama Zuhura, 22:14
Mwanangu, marahaba. Lakini ni sikukuu, na kila mtoto ana dakika tano. Bonde lile linatoa umeme mwingi wa jimbo hili, hata taa unayosomea. Tutaje bwawa, tusiingie ndani.

Salma, 22:15
Sawa shangazi.

Mjomba Idi, 22:16
Mwacheni aseme.

Mama Zuhura, 22:16
Idi, leta mkeka basi.

*Jumatano*

Babu, 05:12
Nimesoma yote, macho yanauma lakini nimesoma. Mwaka 1974 kule kwetu Shinyanga lori lilikuja asubuhi. Mama alikuwa amebandika uji. Tuliambiwa tunakokwenda kuna shule na maji ya bomba, na kweli shule ilikuwepo, mimi ndiko nilikoipata hii kalamu. Lakini baba alikuwa kaburini wiki ya tatu. Nyumba utajenga nyingine. Kaburi hulipakii kwenye lori. Mama hakulizungumza mpaka anakufa.

Babu, 05:15
Mtoto aseme habari ya wale watu. Na aanze yeye, kabla ya duka.

Mama Zuhura, 07:30
Nimekusikia baba.

Mama Zuhura, 07:48
Salma ataanza. Zuhura atafuata. Salma, chukua dakika unazotaka.

Salma, 12:20
Ahsante Babu. Nimepata jambo jingine. Mwaka 2016 BC Hydro waliomba radhi pale pale bwawani. Mwenyekiti wa bodi yao wakati huo alikuwa Brad Bennett, mjukuu wa W.A.C., mtoto wa Bill. Yeye hakugombea ubunge, lakini shirika aliloliunda babu yake likaja mikononi mwake.

Mjomba Idi, 12:31
Hilo sikulijua.

Mjomba Idi, 12:33
Nitakuja na mkeka. Ya 1983 nitayasema mwenyewe, Zuhura asibebeshwe.

Mama Zuhura, 12:40
Dakika tano, Idi.

Mama Zuhura, 12:41
Bado: Salma anatoka shambani saa sita, na ndiye wa kwanza. Tusogeze iwe saa saba? Nani anamfuata Babu? Shem Kassim, gari ni ndiyo au hapana? Dada Rehema nimekupigia mara mbili.

Babu, 12:58
Saa saba jua ni kali.

Shem Kassim, 15:10
Nitathibitisha kesho in shaa Allah.

Mama Zuhura, 15:11
Kesho asubuhi, shem.

Mama Neema, 23:47
Nimetoka zamu sasa hivi. Dola 20 natuma kwa nani? Na hilo sufuria, lina mfuniko wa bluu?