Naomba ushauri: kutengeneza wanga wa mahindi nyumbani

Mama Lishe Gungu:
Habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nina mgahawa mdogo hapa Gungu, Kigoma, ambako wanga wa dukani hunisaidia kukazia mchuzi na kutilia vitambaa vya meza kabla ya kuvipiga pasi. Kwa kuwa nina mahindi meupe kutoka Kasulu, ningependa kuutengeneza mwenyewe, maana sembe huacha mchuzi na chengachenga. Wifi yangu ananishauri nianze na gunia lililoota ukungu upande wa chini, kwa hoja kwamba wanga huoshwa kwa maji mengi. Mnasemaje?

Fundi Kinu:
Dada, sembe ni punje iliyokobolewa na kusagwa, hivyo bado ina protini na mabaki ya ganda, ilhali wanga wa dukani umetenganishwa na vyote hivyo. Wanga ni takriban asilimia 70 ya uzito wa punje kavu, na viwandani hugeuzwa kuwa glukosi ya kutengenezea pipi, na wenyewe pia hutumika kushikamanisha vidonge vya dawa na kutengeneza gundi ya maboksi.

Wewe loweka mahindi yaliyokobolewa kwa siku mbili huku ukibadilisha maji, yasage yakiwa na majimaji, chuja kwa kitambaa safi, kisha acha maji yatulie mpaka tope jeupe lishuke chini. Mwaga maji taratibu, kwangua utando ulio juu, kwani hiyo ni protini, halafu anika juani hadi ukauke kabisa. Hautakuwa safi kama wa kiwandani, lakini mchuzi utakaza, ilimradi uukoroge kwanza katika maji baridi.

Bwana Afya Mstaafu:
Hilo gunia lenye ukungu usiliguse, binti yangu. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haionekani kwa macho, haiondoki kwa kuchemsha, na kuosha kwa nyumbani hakuna uhakika wa kuiondoa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Wala usiwape kuku au ng'ombe mahindi hayo, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Wifi yako ana nia njema ya kubana matumizi, ila hapa pa kubania hapapo.

Shangazi wa Ujiji:
Nakubaliana na Fundi kuhusu mchuzi, lakini kwa vitambaa naona mnajisumbua bure. Sisi huku muhogo tunao tele, na ukikwaruzwa mbichi, ukakamuliwa na kuachwa utulie, wanga hushuka siku hiyohiyo bila kuloweka. Chemsha kidogo tu uwe uji mwepesi sana, chovya kitambaa, kamua, kisha piga pasi kikiwa na unyevunyevu. Usihifadhi kabatini vitambaa vyenye wanga kwa muda mrefu, kwani mende huupenda.

Mama Lishe Gungu:
Asanteni sana. Basi mahindi safi yatakuwa ya mchuzi na muhogo wa vitambaa. Je, machicha yanayobaki kwenye kitambaa cha kuchujia yana kazi?

Fundi Kinu:
Yanafaa kuwapa kuku, mradi mahindi yenyewe yalikuwa mazima. Wape siku hiyohiyo, kwa sababu machicha mabichi huchacha upesi katika joto letu la ziwani. Yakizidi, yaanike na uyachanganye na pumba.