MREJESHO: Zile mbegu za nyanya na maboga

Wakuu habari zenu, nimerudi. Niliuliza namna ya kutunza mbegu za nyanya na maboga ili msimu unaofuata zitoke vilevile kama mama yake. Asanteni sana wote mlionijibu.

Nyanya zimekubali vizuri mno. Nilichagua mche uliobaki na majani ya kijani wakati wenzake ukungu umeshawamaliza, nikaacha matunda yaive mpaka yalegee, nikakamua mbegu na maji yake kwenye glasi zikakaa siku 2 hadi 3 mpaka utando mweupe ukatokea juu na ule ute ukaachia, mbegu nzima zikazama, nikaosha nikaanika kivulini kwenye sahani. Aliyesema nisianike kwenye tishu ubarikiwe, zingeganda zote. Zimeota karibu zote na matunda ni yaleyale.

Maboga ndo nusu nusu. Nilifunga maua jioni kabla hayajafunguka ili nyuki wasiingie, asubuhi nikapaka chavua ya dume kwenye jike nikafunga tena kama mlivyoelekeza, ila mvua za asubuhi zilisumbua, mengi yakadondoka likabaki boga moja tu. Hilo mbegu zake zimetoa maboga yaleyale kabisa. Mbegu za boga lililoachiwa nyuki zimetoa mchanganyiko, mengine marefu mengine bapa, rangi kila moja na yake, kwa hiyo kufunga ua ni lazima jamani kama kuna maboga mengine karibu.

Mwenye mbinu ya kuzuia maua yasidondoke kipindi cha mvua aiweke hapa.