Bodi yetu ina wajumbe tisa, sita ni wanahabari. Nafasi tatu zinazobaki wazi niwape watu wa taaluma gani?

Mratibu_Vipindi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kabla sijaharibu.

Mimi ni mratibu wa asasi ndogo isiyo ya faida inayowafundisha vijana wa miaka 14 hadi 20 kutengeneza vipindi vya redio na filamu fupi. Vifaa ni vyetu, mada ni zao. Bodi ina wajumbe tisa, na watatu wanamaliza muda wao mwisho wa robo hii. Mkurugenzi kaniambia nikusanye wasifu wa watu wanaofaa nimpelekee.

Nikaanza kwa kuandika taaluma za waliopo. Mhariri wa habari. Mtangazaji. Mtangazaji mwingine (mstaafu). Mpiga picha za video. Mwandishi wa makala. Mtayarishaji wa vipindi. Hao ni sita. Wa saba ni mwalimu, wa nane yuko kwenye matangazo ya biashara, wa tisa ni mhasibu, na huyo mhasibu ni mmoja wa wanaoondoka.

Kilichonishtua ni kikao kilichopita. Mimi ndiye naandika muhtasari, kwa hiyo nina tabia ya kutazama saa. Kipengele cha nne kilikuwa muziki wa kufungulia kipindi kipya: uwe wa sekunde 12 au 8? Dakika 45. Watu walisikiliza wamefumba macho, mmoja akawa anagonga meza kwa vidole kuonyesha ngoma inapotakiwa kuingia. Kipengele cha tano, bajeti ya mwaka: dakika 6, na tano kati ya hizo ni mhasibu akisoma. Akauliza kama kuna swali. Mwenyekiti akasema, "Tunakuamini." Ikapita.

Sasa mwanzilishi wetu anataka nafasi moja apewe mtangazaji mwenye jina kubwa, eti atatufungulia milango. Mkurugenzi hana neno. Mimi roho haijatulia, ila nikitaka kueleza kwa nini nakosa maneno. Asasi ya habari si inahitaji watu wa habari?

Mweka_Hazina_Mstaafu

Inawahitaji, lakini sita kati ya tisa mmezidisha.

Nimekaa kwenye bodi ya asasi kama yenu miaka sita, miwili mjumbe wa kawaida, minne mweka hazina. Kazi yangu ilikuwa hesabu za ghala: yaliyoingia, yaliyotoka, na yale ambayo hakuna aliyejua yamekwenda wapi. Kamera sijawahi kushika. Siku ya kwanza kila mtu alijitambulisha kwa kipindi alichowahi kuendesha, zamu yangu ikafika nikasema, "Mimi natunza stoo." Walicheka kwa adabu.

Bodi za namna hii kujaa wanahabari si ajabu, kwa sababu wanaozianzisha ni wao. Youth Radio iliyoanzia Berkeley, Marekani, ambayo baadaye iliitwa YR Media, ilianzishwa na mwanahabari wa redio, Ellin O'Leary, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Educational Video Center ya New York ilianzishwa 1984 na mtengenezaji wa filamu za makala, Steve Goodman. Mtu akianzisha kitu anawaita anaowajua, na anaowajua ni wa fani yake. Miaka ikipita, asasi inapata mishahara ya kulipa, mikataba, watoto wa watu chini ya paa lake, na mezani bado wamekaa marafiki wale wale.

Ngoja nikupe kisa kimoja ambacho hadi leo kikinijia usiku nakaa kitandani.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa na fedha benki kuliko wakati wowote. Mkurugenzi aliweka salio kubwa ukutani kwa projekta, watu wakapiga makofi. Nikaomba tuonyeshwe limegawanyikaje: zipi ni za wafadhili zenye masharti, zipi ni zetu za kutumia tunavyoona. Kimya. Wiki iliyofuata nikakaa na mkurugenzi, mama mwaminifu kabisa, na daftari katikati yetu. Robo tatu ya salio ilikuwa ya mradi mmoja wa filamu, fedha ambazo mkataba haukuruhusu kulipia hata pango la ofisi. Zilizobaki zilitosha mishahara ya wiki tano. Tena miezi miwili nyuma mishahara ilishalipwa kutoka kwenye fungu hilo hilo la filamu, kwa sababu akaunti ilikuwa moja na hundi ilipita tu. Mama wa watu alitazama ile safu ya tarakimu, akavua miwani, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo nimeiba?"

Hakuiba. Wajumbe tisa walikuwa wameidhinisha taarifa nne mfululizo bila hata mmoja kuuliza. Tulimwandikia mfadhili sisi wenyewe kabla hajagundua, akakubali turudishe kidogo kidogo. Kipindi kimoja kilisimama miezi mitano. Vijana waliokuwa wakikiandaa waliendelea kuja siku za mazoezi, wanakaa nje, wanauliza kinarudi lini.

Jambo lililonishangaza zaidi ni wale wanahabari wenzangu. Mtu anayeweza kumkaba waziri hewani hadi jasho limtoke, ukimwekea mizania, ile hesabu ya mali na madeni, mbele anageuza ukurasa. Uwezo wa kuuliza anao, tena kuliko mimi. Ila ameshajiambia tarakimu ni za mhasibu, yeye atasubiri kipengele cha muziki.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza: mtu wa hesabu, na ikiwezekana wawe wawili wanaoweza kusoma mizania. Akiwa mmoja mtamwambia "tunakuamini" hadi aondoke. Wala asiwe yule yule anayewaandikia vitabu au kuwakagua, maana atakuwa anajisahihishia mtihani wake.

Nafasi ya pili: mtu aliyefanya kazi na watoto walio kwenye shida. Ustawi wa jamii, muuguzi wa watoto, mshauri nasaha. Mwalimu mnaye, vizuri, lakini huyu ni mtu mwingine. Kwetu aliingia mama wa ustawi wa jamii. Tulimtembeza studio, tukamwonyesha mikseri, maikrofoni, sponji za ukutani. Hakuangalia hata kimoja. Alisimama mlangoni, akaufunga, akaufungua, akauliza, "Mbona hauna kioo?" Ndipo tukaelewa. Chumba ambacho sauti haitoki, mlango mzito, ndani mtu mzima mmoja na mtoto wa miaka 14, na kwa miaka yote hiyo tulichokuwa tunakijadili ni mwangwi tu.

Huyo mwenye jina kubwa muulize swali moja: atatoa saa ngapi kwa mwezi? Marekani, asasi nyingi zisizo za faida hujaza kila mwaka Fomu 990, na humo kila mjumbe wa bodi anaandikwa jina, wastani wa saa anazotoa kwa wiki, na malipo kama yapo. Sehemu ya kuandika umaarufu haimo. Milango anaweza kuwafungulia bila kuwa mjumbe. Mpeni ulezi, mpeni ubalozi, mualikeni siku ya kuonyesha filamu. Kiti cha bodi kina kura, na akidi isipotimia kwa sababu yuko safarini, mnaokwama ni ninyi.

Wakili_wa_Viwanja

Nakazia maneno ya mweka hazina, na nafasi ya tatu nasema wakili. Ila jihadhari ni wakili gani. Mimi ni wa mirathi na viwanja. Niliombwa kuingia bodi ya asasi ya vijana, nikakubali kwa sababu nilisifiwa. Swali la kwanza nililoulizwa: vijana wameweka wimbo wa mtu kwenye filamu yao, sekunde 20 tu, filamu imeshapanda mtandaoni, kuna shida? Nikajibu, "Nitarudi kwenu." Nilikwenda kusoma kama mwanafunzi.

Shida ilikuwepo. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kazi ya sanaa inalindwa tangu inapotungwa, haisubiri kusajiliwa wala kuwekewa alama, na ile hadithi ya "sekunde chache hazina neno" msiitegemee. Tulishusha filamu, vijana wakatunga muziki wao, ikapanda tena. Kusema kweli ilikuwa nzuri zaidi.

Linalonitisha kuliko hakimiliki ni faragha. Mtoto wa miaka 15 anasimulia mambo ya nyumbani kwao mbele ya kamera. Ameridhia yeye. Mzazi je? Na akifika miaka 22 akataka iondolewe? Hata sheria zenyewe hazina umri mmoja. Kwa data za watoto mtandaoni, sheria ya Marekani ya 1998 inalinda walio chini ya miaka 13. Umoja wa Ulaya umeweka 16, ila nchi mwanachama inaweza kushusha hadi 13. Kwa hiyo tafuta wakili wa habari au wa haki za watoto. Na huyo awasaidie kuuliza maswali, asiwe tena ndiye mnayemlipa kuwatetea. Huo ni mgongano wa maslahi mchana kweupe.

Nipo_19

Shikamooni wakubwa. Samahani naingilia.

Mmejaza nafasi zote tatu na mimi bado nasubiri mnitaje. Mimi nipo kwenye bodi ya asasi ya namna hii. Kwenye tovuti yao kila mjumbe ameandikwa na taaluma yake: mhariri, mhasibu, mshauri wa masoko. Mimi nimeandikwa "kijana". Nimehariri vipindi 30 na ushee, nafundisha wadogo zangu kusafisha sauti, lakini taaluma yangu ni ujana, na nitafukuzwa kazi na umri.

Kikaoni naulizwa swali moja tu: "Vijana wanaonaje?" Kama vile nimewabeba wote mfukoni. Makabrasha kurasa 60 yanakuja usiku wa kuamkia kikao, na kikao kinawekwa saa za masomo. Mtafiti Roger Hart alichora ngazi ya ushiriki wa watoto kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992, ina vipandio vinane, na vitatu vya chini anasema si ushiriki kabisa: kutumiwa, kuwa pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Nilipoisoma nilijiona pale cha tatu, nimekaa na kitambulisho shingoni.

Kilichonisaidia ni viwili. Tuliongezwa tukawa wawili, nikapata mtu wa kumtazama mambo yasipoeleweka. Na mweka hazina wetu alianza kukaa na sisi saa moja kabla ya kikao, anatupitisha kwenye tarakimu. Mara ya pili tu mwenzangu akauliza kwa nini bajeti ya usafiri wa vijana haikutumika hata nusu. Hakuna aliyekuwa na jibu. Kumbe fomu za kudai nauli hakuna kijana aliyewahi kuonyeshwa.

Angalia sheria ya kwenu inasema umri gani. Uingereza, kwa asasi ya hisani iliyosajiliwa kama kampuni, mtu wa miaka 16 anaweza kuwa mdhamini, yaani mjumbe wa bodi. Kwingine ni 18. Msiseme tu "ni wadogo" bila kusoma.

Mratibu_Vipindi

Marahaba mdogo wangu, na umenichoma, kwa sababu orodha yangu ya kwanza kweli haikuwa na kijana hata mmoja. Nimeongeza wawili. Katiba yetu inaruhusu wajumbe hadi kumi na mmoja, sikuwahi kuisoma hadi mwisho.

Jana baada ya kazi nilikwenda studio peke yangu. Mlango wetu ni mbao nzito, umefunikwa sponji, komeo liko kwa ndani. Nimepita hapo kila siku. Nimelikagua lile komeo, skrubu nne, nikazifungua kwa kisu cha karatasi na kulitoa papo hapo. Kioo fundi anakuja kupima.

Mtangazaji nilimpigia. Nikamuuliza saa ngapi kwa mwezi. Alicheka, akasema mratibu, tusidanganyane, mimi vikao vitanishinda, ila nipe darasa la sauti mara moja kwa mwezi nitakuja. Nikamwambia mwanzilishi. Amenuna kidogo.

Halafu nilikwenda kwa mhasibu wetu kumuuliza kama ana mtu wa kutupendekezea. Alinipa jina la dada mmoja anayekagua vyama vya ushirika. Nikamuuliza na yeye, katika miaka yake yote, kipengele cha bajeti alikuwa anakionaje. Akasema, "Hamkuuliza kitu, nikadhani mnaelewa."

Ajenda ya kikao kijacho nimeigeuza. Bajeti kipengele cha kwanza. Muziki wa kufungulia kipindi nimeuweka mwisho, kama muda utabaki.

Mweka_Hazina_Mstaafu

Utabaki, nakuhakikishia. Watapitisha bajeti kwa dakika sita ili waufikie muziki. Uondoe kabisa, waachie vijana waamue.