MJADALA: Vichaka vya Dodoma vilindwe na askari au waachiwe wenye mashamba?

Mtoto wa Kolo
Wakuu habari za leo. Jana kwenye gari la kutoka Mvumi kwenda mjini ubishi uliwaka, mzee mmoja anasema vichaka vyote vilivyobaki huku vifungwe kabisa, viwekewe askari, ukionekana na panga mle unalala ndani. Jamaa wa siti ya nyuma akamuuliza, na kichaka kilicho kwenye shamba langu mimi nakifunga na nani? Watu wakacheka wee, ila mimi nimelala nalo hilo swali.

Mi ni wa Kondoa kwa hiyo hili la kufunga nimekua nalo. Mradi wa HADO, yani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa hela za Waswidi, wakachimba matuta wakapanda miti na bado udongo unaondoka na maji tu, makorongo ya kuficha lori. Ndo 1979 serikali ikasema mifugo yote itoke eneo lote lililoharibika, kilomita za mraba kama 1,256. Na tusidanganyane, nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, hilo hakuna Mrangi atakubishia. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka! Mwenye ndugu alizipeleka kwa ndugu huko tambarare, asiye na ndugu akauza kwa bei ya kutupa, afu huko zilikoenda nako pakaanza kuwa peupe.

Sasa angalieni Shinyanga. HASHI, yani Hifadhi Ardhi Shinyanga, walianza 1986, hawakufukuza ng'ombe wa mtu, walichukua ngitili, lile eneo ambalo Msukuma analifunga mwenyewe masika ili ng'ombe zake zipate pa kula kiangazi. Zimerudi zaidi ya hekta 300,000 za miti na vichaka, 2002 wakapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kwa nini ilishika? Kwa sababu ngitili ina mwenyewe, ukiingiza mifugo yako unajua unagombana na nani.

Ndo maana mi niko upande wa Kisiki Hai, ile njia ya kutunza machipukizi ya visiki vilivyo shambani mpaka viwe miti tena. Hakuna kitalu wala kumwagilia. Shambani kwangu kuna kisiki cha mgunga kila mwaka kilikuwa kinapitiwa na jembe, ungekiona ungesema kuni hizo, kumbe mizizi iko hai toka enzi za mababu. Kinatoa machipukizi kama ishirini yanagombania tone moja la maji. Unabakiza matatu manne yaliyonyooka, mengine unakata na kisu kikali, yale uliyobakiza unayapogoa matawi ya chini, unafunga kitambaa chekundu ili anayelima asikiguse. Msimu wa pili kile cha kwangu kilikuwa kimenipita kiunoni.

Mfugaji wa Bahi
Kaka umeongea vizuri ila kuna sehemu umeruka, sijui makusudi. Shamba letu Wagogo lina mwenyewe mpaka siku ya kuvuna tu. Mtama ukishatoka yanabaki mabua na mabua ni ya wote, ng'ombe wa yeyote anaingia na wala haombi hodi. Hicho kitambaa chekundu ng'ombe hajui kukisoma. Mi nilitunza visiki kama arobaini, mwezi wa nane nikakuta vimebaki vijiti. Nimdai nani? Waliokula ni ng'ombe wa mjomba na mwaka unaofuata wangu watapita kwake. Afu mkaa hujaugusa kabisa, toka serikali ihamie huku mji unakula magunia kama hauna akili nzuri.

Dada wa Manyoni
Nyie mnajadili visiki vya shambani, njooni kwetu basi. Kichaka cha Itigi ni kimo cha mita tatu mpaka tano hivi lakini kimebanana, mtu akiingia hatua kumi humuoni tena, na dunia nzima kiko huku na kipande kingine kule Zambia. Kikishafyekwa kikalimwa hakirudi kirahisi. Mkikiachia wenye mashamba mtasimulia watoto. Kwa hiyo askari mi nawataka, ila na mkulima alipwe kama mtu. Tembo wanatoka mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi wanamaliza shamba usiku mmoja, na kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho kisichozidi laki moja kwa ekari, mwisho ekari tano, na shamba likiwa ndani ya mita 500 toka mpaka wa hifadhi ulikuwa hupati kitu. Utampendaje tembo hapo?

Mtoto wa Kolo
Dada kwa Itigi nakubali, pale askari wakae, siwezi kubishana na kichaka kisichorudi. Hapo kwenye kifuta jasho nakuunga mkono mia kwa mia.

Mfugaji, wewe umenigusa penyewe. Nadhani dawa ni sheria ndogo ya kijiji, mkutano mkuu ukae, mkubaliane shamba lenye visiki vilivyofungwa vitambaa mifugo isiingie hata baada ya mavuno mpaka miti izidi kimo cha ng'ombe, anayekiuka anatoa faini, halmashauri ya wilaya wakishaipitisha inakuwa sheria kweli siyo maneno ya kilabuni. Huku kwetu mkutano uko mwezi huu na nitasimama niseme. Shida yangu moja tu, mwenyekiti ni baba mkwe wangu na ndo mwenye zizi kubwa kuliko wote.