Refa wa raga wa wikendi: nipige filimbi kila kosa au niache mchezo utiririke?

Refa_Jumamosi: Wadau, nachezesha raga mechi za chini, zile malipo ni nauli na soda. Jumamosi nimelaumiwa na pande zote mbili. Nikipiga filimbi kila mpira unapoingizwa kombo kwenye skramu, pale timu mbili zinapoinama, kushikana na kusukumana, hakuna mechi. Nikiacha, naitwa kipofu. Mngefanyaje? Nijibuni haraka, kesho naulizwa.

Winga_Mstaafu: Acha watu wacheze! Sheria ya faida, ya kuacha mchezo uendelee aliyekosewa akinufaika, iliwekwa ya nini? Mtu hatoki Rongai na matatu mbili aje kusikiliza filimbi. Enzi zetu refa akituharibia mechi tulimnyima chapati.

MwalimuMichezo: Ninyi ndio mlioharibu raga. Vijana wanatuletea mikono shingoni kwa sababu kuna refa aliwaonea huruma. Juu ya mabega ni kosa, hakuna cha ligi ndogo.

Chai_Mbili: Mimi 2016 Kenya tulipoitandika Fiji 30-7 fainali ya raga ya wachezaji saba ya Singapore nilipiga kelele hadi jirani akaja na rungu. Refa hata simkumbuki.

Mama_Huka: Kaka, kesho unaulizwa na nani? Na mbona umetaja skramu peke yake?

Refa_Jumamosi: Kamati. Kuna kijana aliumia shingo skramu ilipoporomoka. Anaendelea vizuri, amevishwa kola tu.

Mama_Huka: "Tu." Alikuwa propu, wa pembeni safu ya mbele?

Refa_Jumamosi: Propu wao alitoka dakika ya 50, wakamwingiza winga. Nahodha aliniapia kwamba amewahi kucheza mbele. Kusema kweli, hata mkono wa kumshikia mwenzake hakujua aupitishe wapi, huka, yule wa katikati ya safu ya mbele, akamshika kiwiko akamwonyesha. Lakini manahodha wote wawili waliniomba tuendelee kusukumana. Zilibaki dakika kumi, tofauti alama mbili. Ungewakatalia?

MwalimuMichezo: Ningewakatalia. Safu ya mbele ikikosa mtu aliyefundishwa, skramu hazisukumwi. Nahodha haulizwi hapo.

Refa_Jumamosi: Rahisi kusema ukiwa kwenye kochi. Ripoti nilishaandika "ajali ya kawaida ya mchezo". Nikibadilisha kesho nitaonekana mwongo, kwa hiyo nasimama palepale.

Winga_Mstaafu: Ngoja kwanza. Propu ametoka dakika ya 50, halafu zimebaki kumi? Raga ni dakika 80, bwana. Hii hadithi umeitunga.

Chai_Mbili: 😂😂 Nilihisi! Refa asiyejua saa. Wiki ijayo atakuja kama rubani.

MwalimuMichezo: Na mimi nimepoteza bando kumjibu.

Refa_Jumamosi: Sijatunga! Someni vizuri. Alitoka dakika ya 50, kijana akaingia. Skramu nne zikapita salama, ya tano ndiyo ikaporomoka dakika ya 70. Nne salama! Ndiyo maana nasema ni ajali.

Mama_Huka: Yaani ulimtazama akiinama mara tano.

Winga_Mstaafu: Duh.

Mama_Huka: Mwanangu anacheza huka, na mimi hukaa upande huo huo wa uwanja kila Jumamosi. Ile skramu ya kwanza, baada ya kuona mkono haujui pa kwenda, ulisema nini?

Refa_Jumamosi: Nilisema "seti", ile amri ya kuingiana.

Chai_Mbili: Jamani, nani ana linki ya ile fainali ya Singapore?

Refa_Jumamosi: Admin, naomba huu uzi ufutwe kabla ya kesho asubuhi.